Shangazi Anajibu: Mvua, Senene na Jino la Elfu Mbili

Barua za Novemba humfikia Shangazi zikiwa na alama za vidole vyenye mafuta. Hiyo ni dalili kwamba senene, wale wadudu wa kuliwa, wameanguka Kagera, na kwamba wazazi wengi waliandika shida zao huku wakitafuna.

Wa kwanza ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Miembeni, Bukoba mjini. Tangu Septemba amewaahidi wanawe kuwapeleka ufukweni Jumamosi, na kila Jumamosi mvua inawatangulia. Mumewe amefikia kusema kwamba mvua hiyo imetumwa. Mama anauliza kama wahamie Dodoma.

Wasihame. Mvua ya Bukoba ina ratiba, na aliyeipanga ni ziwa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo ukavuma kutoka pwani zote kuelekea katikati ya Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu ikapanda na mawingu ya radi yakajijenga huko. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mpaka upande wa magharibi, ambako ndiko Bukoba ilipo. Ndiyo maana radi huamsha mji alfajiri, na mara nyingi mchana jua likawaka. Familia inayofunga chapati na kutoka saa mbili asubuhi imeifuata mvua kwa miguu yake. Mama atoke saa nane mchana, watoto wakiwa wameshakula, ashuke nao taratibu hadi Gymkhana, ufukweni. Mji si mkubwa kiasi cha kuhitaji gari la kukodi.

Wakifika, wataona Kisiwa cha Musira na watataka kuvuka. Hapo Shangazi anaacha utani. Kila mtoto avae boya la kimo chake, lililofungwa kamba zote, si la mtu mzima linalompwaya, wala lile ambalo nahodha amelikalia. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Maboya yakipungua hata moja, Musira itazamwe kutoka mchangani.

Barua ndefu kuliko zote imetoka Kamachumu, wilayani Muleba. Ta mmoja (yaani bwana, kwa Kihaya), mwenye binti wa miaka kumi, anasema mtoto huyo ameokota senene ndoo nzima chini ya taa ya duka, akawanyonyoa mwenyewe, akawakaanga, akamwekea baba yake kwenye sahani yenye mfuniko. Baba alikula na kusifu. Alipomaliza, binti akamwambia anadaiwa gauni. Bibi yake ndiye aliyemweleza kwamba katika Buhaya ya zamani mwanamke aliyempelekea mumewe senene alizawadiwa nguo. Ta anauliza: je, mila hiyo inamhusu baba wa mtoto?

Ta, umeshakula. Kesi imekwisha.

Ila Shangazi anampongeza bibi, kwa sababu amesimulia habari ya kweli. Kuokota senene kulikuwa kazi ya wanawake na watoto, hasa asubuhi na mapema, mdudu akiwa bado mzito kwa baridi na umande. Waliofaidi sahani walikuwa wanaume. Wanawake wengi walikatazwa hata kuonja. Shangazi hajui ni nani aliyekuwa na uso wa kuitunga amri hiyo, lakini anafurahi kwamba binti wa Kamachumu hakungoja ruhusa: Ta mwenyewe anakiri kwamba sahani ilifika nusu.

Siku hizi mdudu huyo ni biashara. Wafanyabiashara husimamisha mabati kuzunguka taa kali, chini wakapanga mapipa. Senene hufuata mwanga, hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani. Pale si mahali pa mtoto. Taa zile zinaumiza macho, na nyaya zinazolala kwenye nyasi zilizolowa zinaweza kuua. Binti abaki na taa ya duka, awe na mtu mzima, na avae mikono mirefu, kwa kuwa mwanga huo huo huvuta kijidudu chembamba chenye rangi ya chungwa na nyeusi, ambacho kikipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge ya siku kadhaa. Kikitua shingoni, kipulizwe tu. Mengine anayajua kuliko baba yake: senene hawahitaji mafuta ya kuongeza, hukaangika kwa mafuta yao wenyewe, kwa chumvi na kitunguu.

Gauni linunuliwe kabla ya Krismasi. Rangi achague yeye.

Mama wa Kashai ana kesi ya fedha. Mwanawe wa miaka sita ameng'oka jino la kwanza, na kwa kuwa ameona katuni kwenye simu, ameliweka chini ya mto akitarajia kiumbe chenye mbawa kilichukue na kumwachia shilingi elfu mbili. Bibi anataka jino lirushwe juu ya paa, kama walivyorusha wote waliomtangulia. Mama yuko katikati, na elfu mbili hana.

Shangazi amepiga hesabu. Meno ya utoto ni 20, hivyo mtoto mmoja ni shilingi 40,000. Paa la bibi halidai kitu, tena bati humjibu mtoto papo hapo. Kubwa zaidi ni jambo ambalo hata katuni haikulitaja: karibu na umri huo huo magego manne ya kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hudhani nayo ni ya utoto, yakitoboka wanasema yataota mengine. Hayaoti. Mama amfungue mtoto mdomo leo hii, na mswaki ufike huko nyuma.

Baba wa Muleba mjini amechangishwa fedha za joho, keki na mpiga picha kwa mahafali ya darasa la awali. Joho aazime kwa jirani. Picha alipie.

Mzazi mwingine anaye kijana aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba, na sasa anazurura akingoja kidato cha kwanza Januari. Apelekwe kwa bibi yake akajifunze kibanja: kutandaza nyasi chini ya migomba, kutofautisha ndizi za kupika na za pombe, kumpokea mgeni kwa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, bila kuimaliza njiani. Siku moja wafike Katuruka, Maruku, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba na kukuta mabaki ya ufuaji wa chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Wazee wa pale ndio waliomwelekeza, kwa simulizi walizorithi. Kijana anayeona mazungumzo ya bibi yanachosha aonyeshwe shimo hilo.

La mwisho limeulizwa kwa mstari mmoja: senene watamfikiaje mjomba Dar es Salaam wakiwa wazima? Wakaushwe vizuri jikoni, wapoe kabisa kabla ya kufunikwa, waingie kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Jina la mjomba liandikwe kubwa, kifuniko kizungushiwe utepe wa gundi mara mbili, na kopo lisikabidhiwe kwa kondakta kabla ya kumuuliza kwao ni wapi. Akijibu Ihangiro, kwa wala senene wenzetu, litafutwe basi lingine.