Kitu cha Sebuleni Hakikai Uchi

Nyumbani kwetu Tabata, baada ya salamu, neno linalosikika zaidi ni "memori imejaa." Simu ya Mama imejaa mahubiri na video za harusi. Ya Shangazi imejaa sare za kichen pati. Ya Mjomba imejaa magoli, mengi ya timu iliyomfunga. Kuhifadhi vitu mtandaoni kunataka bando, na bando la nyumba hii halijawahi kufika mwisho wa wiki likiwa hai. Basi nikaamua kuunda seva yetu wenyewe: picha zote sehemu moja, kila mtu aingie kwa simu yake akiwa kochini.

Vifaa havikuwa vya kutisha. Binamu aliniletea Raspberry Pi 4 kutoka Dubai. Ni kibao cha kompyuta kisichozidi sana ukubwa wa kadi ya benki. Waingereza wa Cambridge walianza kuviuza mwaka 2012 kwa dola 35, watoto wajifunze kuandika programu. Nililitaka toleo la nne, la 2019, kwa sababu kwa watangulizi wake diski na waya wa mtandao vilipitia njia moja ya USB, vikabanana humo kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Fundi wa Kariakoo akanipatia diski mbili zilizotolewa kwenye laptopu zilizovunjika vioo. Programu ya OpenMediaVault ni ya bure. Kuviunganisha ilikuwa kazi ya jioni moja, na sina la kusimulia hapo.

La kusimulia ni watu. Miongozo ya seva imejaa tahadhari: diski itakufa, virusi vitaingia, wezi wa mtandaoni wako mlangoni. Sikuona hata mmoja wenye sura inayohusu ndugu.

Alianza Mama. "Hiki kidubwasha kinawaka usiku kucha. LUKU unanunua wewe?"

Nikampigia hesabu: kibao na diski zake vinakula kama wati 10, kwa saa 24 haifiki hata robo ya uniti. Akauliza friji inakula kiasi gani. Nikasema inakula zaidi, tena sana.

"Friji inanipa maji baridi. Hiki kinakupa nini?"

Sikuwa na jibu linalonyweka.

Siku chache baadaye picha zikaanza kufunguka kwa kusuasua. Kompyuta hii ikifika nyuzi joto 80 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na nilipochungulia ilikuwa imeshapita hapo. Nikaenda sebuleni. Seva haikuonekana. Mahali pake palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, waridi jekundu kila pembe, ndugu wa damu wa vile vya makochi na televisheni. Juu ya kitambaa kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

"Mama, hiki kinahitaji hewa."

"Mwanangu, kitu cha sebuleni hakikai uchi. Wageni waje waone manyaya?"

Tukafikia muafaka: kitambaa kikafunika ruta, kibao kikabaki wazi, na maua yakahamia kwenye friji.

Mjomba yeye hakuwa na ugomvi na mtu. Aligundua tu kwamba kichwa cha chaja ya seva kinaingia kwenye simu yake, na kwamba inachaji upesi mno. Hakuiba, aliacha yake pale pale kwenye soketi, akahesabu tumebadilishana. Sasa, kibao hiki kinataka volti 5 na ampea 3, na umeme ukishuka chini ya volti 4.63 taa yake nyekundu huzimika. Jioni ile taa ilikuwa inakonyeza. Diski zikawa zinalia tik, tik, zinanyamaza, tik. Video ya harusi ikakatika bibi harusi akiwa bado mlangoni mwa kanisa, kisha folda nzima ikatoweka. Mjomba, simu mkononi, chaji asilimia 97, akanipa pole. "Na hiyo chaja yangu uiangalie vizuri," akasema, "ina matatizo kidogo."

Kibao hicho pia hakina betri ya saa. Tarehe huiuliza intaneti. Umeme ukikatika Ijumaa ukarudi Jumatatu, na bando limekwisha, kinaamka kikiamini ni Ijumaa ileile. Nilipomweleza Mjomba, ambaye mwenye nyumba wa fremu yake humtafuta kila mwisho wa mwezi, alisema ndicho kifaa cha kwanza humu ndani kinachomwelewa.

Halafu Shangazi. Nilikuwa nimepanga diski ya pili inakili ya kwanza kila Jumapili saa nane usiku. Wengine hufunga diski mbili, moja iwe kioo cha nyingine, lakini kioo hakina busara: ukifuta huku, na kule kunafutika papo hapo. Yangu huongeza tu, haifuti.

Shangazi alipopewa neno la siri alikaa kimya nusu saa, miwani kwenye ncha ya pua. Nilidhani anafurahia picha. Kumbe anahariri historia. Ziliondoka zote alizofumba macho, zote alizojaza pilau mdomoni, na zote ambazo wifi yake, yaani Mama, alipendeza kumzidi. Hizo za mwisho zilikuwa nyingi.

Kesho yake nikazirudisha.

"Mwanangu, mimi hizi nilizifuta."

"Zilikuwa na nakala kwenye diski ya pili, Shangazi."

Akanyamaza. "Ya pili ndiyo ipi?"

Nikamwonyesha. Akaitazama, akaipima kwa jicho, kisha akautazama mkoba wake.

Wataalamu hushauri nakala moja isikae nyumba moja na nyingine, kwa sababu ya moto, mafuriko na wizi. Mashangazi hawakuwataja. Diski ya pili sasa inashinda kazini kwangu, kwenye droo yenye kufuli, na huja Tabata Jumapili usiku tu, watu wakishalala.