Koti la Majuu

Muuzaji wa Soko la Toi alikuwa na hoja moja tu, nayo ilitosha: "Anti, hii imetoka majuu. Huko kuna theluji." Koti lilikuwa refu, rangi ya chai ya maziwa, lina mshipi na safu mbili za vifungo. Shilingi 800. Nani ambishie? Tunaamini Ulaya ni baridi Januari hadi Desemba, kana kwamba wenzetu hawaijui Agosti, na kila nguo ya mikono mirefu inayotoka kwenye robota la mitumba imeshapigana na barafu ikashinda. Hili langu nashuku lilikuwa la mwezi wa Mei, la mtu anayeshuka garini na kuingia mkahawani.

Hata hivyo nalitetea. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu kipupwe kikiingia, watu huongeza shuka moja kitandani na kulalamika wiki nzima. Sasa naishi Dagoretti Corner, Nairobi, jirani na Idara ya Hali ya Hewa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto huku hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mzungu akisikia atacheka, lakini nyumba yake ina mitambo ya kuipasha moto. Yangu ina sakafu ya saruji na madirisha ya chuma yanayofungika kwa imani tu, hivyo asubuhi ukitaka afueni huna budi kutoka nje. Na kinachoniudhi zaidi, baridi yenyewe chanzo chake ni kwetu: pepo za kusi huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi, zikaupandisha bara, ukawa mawingu yanayolifunika jua hata saa saba mchana. Nimehama Pwani, upepo wa Pwani ukanifuata.

Soja wa ploti yetu hana shida hizi. Ana kabuti zito lililopita magoti, marvin, buti za mpira, na jiko la makaa miguuni. Asubuhi moja alinitazama nikipita langoni.

"Madam, hiyo ni koti ama ni leso imeshonwa mikono?"

"Mzee, hii ni ya majuu."

"Basi ingekuja na mwenzake."

Ushauri huo niliuzingatia. Nikaanza kuvaa ndani chochote kilichopo: fulana juu ya fulana, sweta ya shule ya mwanangu wa kidato cha pili, na leso kiunoni. Nje, koti limetulia, mshipi umekaza, mama wa mjini. Siku moja kwenye matatu ya 111 nilikaa penye dirisha lisilofunga (kila matatu inalo moja, nalo hunijua) na utingo akatuliwaza: "Songeaneni, mtapashana moto!" Lakini nikishuka mjini, pale Moi Avenue watu hunipisha. Koti lililopigwa pasi lina heshima yake.

Siku hiyo ofisini alikuwepo mkubwa kutoka makao makuu, na kwa heshima yake chumba cha mikutano kilikuwa kimewashiwa hita ya umeme. Joto la Likoni.

"Karibu dada, vua koti ukae."

Nikaiwaza nembo ya shule kifuani. Nikaiwaza leso, ambayo jina lake linamlenga mke mwenza, wala si jina la kusomwa mbele ya mkubwa.

"Asante bosi, niko sawa."

Jasho likaanza shingoni, likashuka bila haraka. Akaniambia tena nivue. Nikaukaza mshipi. Mwishowe akatazama saa, akanitazama mimi. "Naona dada ana safari. Haya, tusimcheleweshe." Akaruka kurasa za bajeti, akaruka mikakati, akauliza kama kuna mwenye swali, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa nalo. Mkutano wa asubuhi nzima ukafungwa kabla ya chai.

Sasa idara nzima inataka kujua Toi wanafungua marobota ya makoti siku gani.