Mgeni na Jedwali Lake

Mgeni kaja Masumbwe, Tanzania, na jedwali la kulinganisha benki: riba, makato, hata rangi ya kadi. Makubwa! Kaunta haimuulizi kapenda ipi; inataka pasipoti, kibali cha ukaazi, barua ya mwajiri. Kibali bado kinashughulikiwa, na mwajiri naye anadai kwanza namba ya akaunti.

Nje, chini ya mwavuli, dada wakala wa M-Pesa analowesha kidole kwa mate, anahesabu noti. Huduma hiyo iliingia nchini mwaka 2008. Hadi leo foleni kwake haijakatika. Jirani yake, mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani mezani, makao makuu ya benki yake ni mfuko wa kulia wa suruali, tawi ni wa kushoto.

“Makato je, mzee?” mgeni kamuuliza.

“Hayo kamuulize mke wangu.”