Namna ya Kulala Mikocheni

Bajaji ikikushusha mbele ya geti la hoteli, usikimbilie mapokezi. Weka begi chini, lizungushie jengo macho. Unatafuta kitu kimoja tu: jenereta. Hoteli ya vyumba 40 kule Mikocheni, Dar es Salaam, haikosi jenereta. Jenereta haikosi chumba kilicho juu yake. Na chumba hicho hakikosi mgeni aliyefika amechoka, akapokea ufunguo bila kuuliza.

Mwaka juzi mgeni huyo nilikuwa mimi. Umeme ulikatika saa saba usiku. Kwa muda mfupi nyumba nzima ilitulia, hata nikasikia maji ya kiyoyozi yakidondoka juu ya bati huko nje, tone moja moja. Kisha dirisha likaanza kutetemeka, glasi ikatembea juu ya meza, na harufu ya dizeli ikanifikia kitandani kabla taa hazijawaka. Sikupata usingizi tena.

Kwa hiyo chumba kiombe, usisubiri kupewa. Msalimie dada wa mapokezi kwanza, mpe pole ya kazi, ndipo useme: "Dada, naomba chumba cha nyuma, mbali na jenereta, mbali na lifti." Atafungua tena droo ya funguo. Yeye ndiye anayejua chumba kipi kinalalika, na wageni wachache mno humwuliza. Papo hapo uliza kama bei aliyokutajia ina VAT ndani. Asilimia 18 ikikuibukia asubuhi kwenye bili, hata chai haishuki.

Ukishaingia chumbani, zima kila kitu usikilize. Kama kuna friji inayonguruma, sema sasa, maana usiku wa manane fundi hayupo. Halafu kiyoyozi. Joto la Februari likiwabana, watu hukishusha hadi 16, wakalala wamejiviringisha blanketi kama wako Njombe, wakaamka koo limekauka. Weka 25, elekeza upepo juu usikupige kifuani, na shuka moja itatosha.

Wavu wa dirisha ukague kwa kidole, hasa kwenye pembe, ndiko unakochanika. Hata ukiwa mzima, jipake dawa ya mbu kabla ya kwenda kunywa chai bustanini. Dar ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Ukiona maji yametuama kwenye visahani vya vyungu vya maua, mwambie mtunza bustani ayamwage. Hatakasirika, naye anaumwa na mbu hao hao.

Mikocheni, mahali pa mikoche, siku hizi ni mitaa ya kuta ndefu na mageti, na utulivu wake una saa zake. Saa kumi na moja alfajiri, adhana. Baada yake kunguru wa shingo ya kijivu, uzao wa wale walioletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Kisha ufagio wa chelewa juu ya vitofali vya uani, kwaru, kwaru, pole pole, mpaka getini. Usijifunike mto kichwani. Lala mapema jana yake, uamke na ufagio huo. Hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote pale: hewa bado ya baridi, na barabara ya Ali Hassan Mwinyi haijajaa.

Ukiwahi, utawahi pia meza ya chai. Pita soseji, pita maharage ya kopo, nenda mwisho kabisa, kwenye chombo kisicho na kibandiko. Humo mna mihogo ya nazi au vitumbua vilivyoepuliwa sasa hivi. Mpishi huviweka pembeni akidhani wageni hawavitaki. Mwambie unavitaka, kesho vitakuwa vingi.

Maji ya kunywa nunua kwa Mangi, duka la kona. Kutembea hadi kule kutakuonyesha mtaa. Mjini nenda kwa bajaji hadi kituo cha Morocco, kisha basi la mwendokasi mpaka Kivukoni.

Lakini mtu wa kumjua kuliko wote ni mlinzi wa usiku. Mara nyingi ni mzee, na wageni humpita kana kwamba ni nguzo ya geti. Mpe shikamoo yake, simama, uliza kwake ni wapi. Yeye anakesha ili wewe ulale, na hilo haliandikwi kwenye bili. Bahashishi yake mpe mkononi, na ya dada wa usafi vilevile, siku ya kwanza.

Asubuhi niliyoondoka safari iliyopita ilikuwa bado giza. Mzee alikuwa ameshasimamisha bajaji, mkono juu ya paa lake, akibishana na dereva. "Huyu ni mgeni wangu," alimwambia. "Mpeleke Morocco kwa bei ya mtaani." Dereva akacheka, akasogea, akanipokea begi.