Baba Kijacho na Daftari Lake

Tangu tumbo la mke wangu lianze kuonekana, sijakosa washauri. Kuanzia Mbagala Rangi Tatu ninakoishi hadi Kariakoo ninakohangaikia riziki, kila mtu ana hospitali yake ya kujifungulia. Ni kama Simba na Yanga, ila mpira dakika tisini zikiisha watu wananyamaza.

Konda wa daladala alinisikia nikiulizia bei kwenye simu, akadakia: "Bosi, hapo wanapasua hata mwenye kikohozi!" Jirani yangu anaisifia ya kwake kwa jambo moja tu: supu ya asubuhi. Mama mkwe naye kapiga simu toka Muheza: "Baba, mimi wote saba nimezalia nyumbani, kwa mkunga na kanga mbili." Nikamjibu, "Shikamoo, mama." Hakuna jibu jingine la kumpa mama mkwe.

Nikaona nifanye mambo kisomi. Nikanunua daftari.

Nikaanza na hospitali ya binafsi. Dada wa mapokezi, sauti asali tupu, akanitajia bei ya kujifungua kawaida, bei ya upasuaji, na bei ya chumba chenye runinga. Nikajiuliza, mtu aliyeshikwa na uchungu anafuatilia tamthilia gani? Nikapiga hesabu, nikaona mwanangu atakuwa na saa mbili duniani na tayari ana deni.

Nikarudi kwenye ya serikali, ambako mjamzito anahudumiwa bure. Sawa, ila bure yenyewe ilikuja na orodha: glavu, pamba, cha kufungia kitovu, mpira wa kulalia, beseni, ndoo, doti za kanga. Nimeizunguka Kariakoo kuitafuta hiyo bure mpaka mshahara umekata.

Na baada ya gharama zote hizo, leba siingii! Mapazia tu yanatenganisha vitanda, kwa hiyo baba mwisho wake benchi la nje. Basi nikalikagua benchi. Nikaandika: lina kivuli, mama lishe yuko jirani, chaji ya simu inapatikana. Alama nane kwa kumi.

Jioni nikamkabidhi Mama Kijacho ripoti. Akaisoma yote kimya, mkono kiunoni.

"Umeuliza kama damu ipo?"

"Damu ya nani?"

"Ya kuniongezea mimi nikitoka damu nyingi. Mtu wa dawa ya usingizi je, saa nane usiku yupo, au mpaka apigiwe simu aamke? Mtoto asipolia, kuna vifaa vya kumsaidia kupumua?"

Nikatazama daftari. Nilikuwa na ukurasa mzima wa chapati.

Kumbe mwenzangu alishamaliza kuuliza yote hayo kliniki, siku zile mimi nahesabu runinga. Nesi kawafundisha kwamba kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi, na kwamba kichwa kikiuma sana na macho yakaanza kuona maruweruwe, usimeze panadoli ukalale; kimbia hospitali. Kwenye kadi yake kaandika 115, namba ya m-mama, ikitokea dharura usafiri uje bila malipo. Mimi namba yangu ya dharura ilikuwa ya dereva wa bajaji ambaye saa tatu usiku anazima simu.

Hospitali alishaichagua tangu mimba ina miezi mitano. "Wewe kalete beseni," akaniambia.

Basi juzi niko Kariakoo, nagonga beseni nisikie kama ni gumu, muuzaji ananiuliza, "Shemeji anajifungulia wapi?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa huruma: "Aa, kaka! Ungempeleka kule alikojifungulia dada yangu."

"Huko kwa dada yako," nikamuuliza, "saa nane usiku damu ipo?"

Akanitazama kidogo, akanipunguzia mia tano.