Kungumanga Nzima Katika Nyumba ya Chai

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na mama mzazi boma moja, sogea nikusimulie, maana wewe utanielewa. Kungumanga haifiki sentimita tatu kwa urefu, lakini hapa kwetu upande wa Litein imetosha kutugawa kambi mbili.

Ilianza na shemeji yangu, dada ya mke wangu. Aliolewa Mombasa zamani, tukambandika jina la Mama Bahari, kwa sababu akija huku hulala na sweta mbili na kuuliza kama hiyo mvua ya mawe ni ya kila siku. Mke wangu, Mama Chero, alipoteremka huko kuhudhuria harusi, Mama Bahari alimshika mkono hadi Marikiti, lile soko la tangu 1914, akamwambia aachane kabisa na unga wa kopo. Hapo nampa haki yake. Harufu ya kungumanga iko kwenye mafuta yake, na ikishasagwa mafuta hayo huruka upesi. Sisi tumenyunyiza vumbi miaka yote tukidhani ni kiungo. Ikiwa nzima hukaa muda mrefu bado ina nguvu.

Basi Mama Chero akarudi na mfuko wa kungumanga zikiwa bado ndani ya maganda yake. Alifundishwa kuchagua, naye akanifundisha jikoni, kitinda mimba akinilia begani. Itikise karibu na sikio. Ikigonga ndani, kokwa imekauka vizuri. Ukishaivunja, kokwa iwe nzito, isiwe na tundu la mdudu, na ukiichoma sindano itoe mafuta. Akaikata moja katikati nione: rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na mishipa ya kahawia ikipindapinda kutoka ukingo hadi ukingo. Hata mtoto alinyamaza kuitazama.

Kuvunja ganda kunataka mkono mpole. Kwetu kazi ya namna hiyo huishia kwa mwanangu Kiprotich, tunayemwita Fundi kwa kuwa hakuna redio nyumbani ambayo hajaifungua. Fundi alikuja na nyundo ya misumari. Kokwa ya kwanza ikasambaa baraza nzima, kuku wakakimbilia vipande. Mama yake akamnyang'anya nyundo, akampa mchi, akamwonyesha kugonga taratibu upande wa nchani.

Ndipo akaingia mama yangu. Wajukuu humwita Kogo. Mimi na mke wangu, tukiwa peke yetu, humwita Hakimu. Kogo aliona mbegu, na kwake mbegu ni ya kupandwa. Akachota kiganja kizima, akateremka nazo ukingoni mwa shamba la majani chai. Nikamfuata.

"Mama, mti huu unataka joto la Unguja na Pemba. Sisi tuko juu mno, karibu mita 2,000. Halafu hizo zimeshakauka, haziwezi kuota."

Jembe likaendelea. Nikamweleza kwamba miti hiyo ina dume na jike, na hutajua ulichopanda mpaka itoe maua, miaka mingi baadaye.

"Kwani majani chai yalizaliwa hapa?" akauliza.

Ningejibu nini? Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho miaka ya 1920. Kungumanga nayo asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na Waholanzi waliviteka mwaka 1621 wakawaua na kuwafukuza wenyeji, ili biashara yake ibaki mikononi mwao peke yao. Nilipomsimulia hayo, Kogo alisimamisha jembe. Watu wa ukoo wa Talai wa huku kwetu walihamishiwa Gwassi kwa nguvu mwaka 1934, na habari hizo alizipokea kwa mama yake akiwa msichana. "Kwa hiyo nao walitolewa kwao," akasema. Kisha akafukia mbegu zote, kwa uangalifu zaidi kuliko mwanzo. Sikumzuia tena.

Kisha likaja jambo la uji, nalo lilikuwa la hatari; hili nalisema kwa kila mzazi. Fundi alimsikia Mama Bahari kwenye simu akisifu uji wenye kungumanga. Mimi nimepeleka majani kituoni, yeye akachukua kile kibati cha kukwaruzia karoti, akamaliza kokwa mbili nzima ndani ya sufuria ya uji wa wimbi. Harufu ilinikuta langoni. Ndugu yangu mdogo, Bwana Bonasi, ambaye huonekana hasa Oktoba malipo ya majani yakitoka, alikuwa ameshainua kikombe. Nilikichukua mkononi mwake. Kokwa moja hutoa kama vijiko viwili vya chai, na kiasi hicho kinatosha kumtapisha mtu mzima, kumwendesha moyo mbio na kumfanya aone mambo yasiyokuwepo, tena saa kadhaa baadaye, wakati hamkumbuki tena alichokunywa. Uji wote tukaumwaga shimoni. Mbwa alilalamika, lakini kungumanga huwadhuru mbwa pia.

Bwana Bonasi hakukata tamaa. Jioni akapendekeza ijaribiwe kwenye mursik, maziwa yetu ya mgando. Kogo alisimama. Maziwa yaliyotiwa kwenye sotet, kile kibuyu chetu, kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet hayahitaji msaada wa mtu, na Bwana Bonasi akaenda kulala mapema. Chai nayo ilikataliwa: Kogo amechuma majani maisha yake yote, hataki yatiwe marashi.

Mama Chero hakubishana. Alichemsha malenge, akayaponda na maziwa, akaepua, kisha akakwaruza mara tatu nne tu juu yake, maana ikichemshwa sana harufu hupotea. Kogo alikula, akaongeza, akauliza kile kitu kinawekwa wapi.

Sasa mfuko mzima uko chumbani kwake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mama Chero akitaka kuunga mandazi, humtuma Chero akaombe, naye hurudi na kokwa moja na ujumbe kwamba itakayobaki irudishwe. Mama Bahari ameahidi kuleta mfuko mwingine Desemba. Kogo ameshaambiwa, na ameagiza zisivunjwe kabla hajaziona.