Arobaini Haijafika, Mji Mzima Ushamjua

Mtchew! Wazazi wa siku hizi, jamani, tuna vituko. Nyumba ina ukuta, juu ya ukuta vipande vya chupa, geti lina makufuli mawili na mbwa tumemfuga. Halafu tunakaa sebuleni, tunampiga picha mtoto kavaa sare yenye nembo ya shule, tunaandika majina yake matatu, "leo mwanangu katimiza miaka saba, darasa la pili B", tunairusha stetasi. Sasa mwizi aruke ukuta wa nini?

Kijiweni kwetu aliyelianzisha jambo hili ni dogo wa bodaboda. Anasema mtu mbaya akimtaka mtoto wako haulizi tena jirani, anaperuzi tu. Fundi cherehani akambishia: "Stetasi yangu wanaiona watu wangu." Watu wako gani, fundi? Humo kwenye simu umemhifadhi dalali wa vyumba, fundi bomba, aliyekuuzia kiwanja, na wengine hata hukumbuki mlikutana wapi. Hao wote ni wajomba wa mtoto?

Matapeli nao hawalali. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumezizoea, tunacheka. Isiyochekesha ni simu ya saa tano asubuhi: mwanao fulani, darasa la pili B, kaanguka shuleni, yupo hospitali, tuma hela ya vipimo upesi. Mzazi anatetemeka, anatuma. Asiaminije? Jina ndilo, darasa ndilo, shule ndiyo. Tapeli kavijulia wapi? Ulimpa mwenyewe, ukapamba na vimoyo vitatu.

Mzee wa kahawa akasonya. Enzi zao, anasema, mtoto mchanga alikaa ndani mpaka arobaini, na si kila mpita njia alimfunua khanga. Leo kitovu hakijadondoka, picha ishafika makundi sita.

Mtasema sheria ipo. Ipo! Kenya mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za huko kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Na kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Safi sana. Mwalimu akikosea tutamfikisha kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Je, akikosea mama, au baba? Mtoto wa miaka saba atakwenda kushitaki kwa nauli ya nani?

Halafu lipo hili la "mpe simu atulie". TikTok na Instagram zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Mtoto ana tisa. Baba anafanyaje? Anamwandikia kazaliwa 1995! Hapo hapo mtandao unamhesabu mtu mzima. Ile mipaka iliyowekewa watoto inamruka, na wasiomjua wanamwandikia bila breki. Siku tukimkuta anatazama ya ajabu, fimbo ni yake. Aliyedanganya umri anashika fimbo!

Sisemi simu tuzifungie kabatini. Picha mtumie bibi yake moja kwa moja, atafurahi kuliko hao mia wanaopita bila salamu. Sare yenye nembo isipigwe picha ya kurushwa. Ripoti ya shule isipande hewani hata kama kawa wa kwanza. Ikija simu ya "yupo hospitali", kata, mpigie mwalimu kwa namba uliyonayo mwenyewe. Mtoto akikwambia kuna mtu mtandaoni anamwomba picha, usianze kwa kumpokonya simu, maana siku nyingine atanyamaza. Msikilize, zihifadhi hizo meseji, kisha piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, haikati salio.

Na akishajua kuongea, muulize: "Hii niirushe?" Akikataa, kakataa. Bando ni lako, sura ni yake.